Sinia Mbele ya Ruta

Yusta alikuja kwangu kulia, kama kawaida yake ya Alhamisi.

"Hodi, bibi."

"Karibu. Leo unalia sana au kidogo? Maana nina maharage jikoni."

"Kidogo tu, bibi."

"Basi kaa kiti cha dirishani. Kile cha mlangoni Mchungaji anakuja kulala."

Akakaa, akatoa leso, akaanza. Mimi nikaendelea kuchambua mlenda wangu. Yusta ni mwalimu wa chekechea, nyumba ya tatu kutoka kwangu, na mumewe yuko mgodini, mbali. Hakuwa amefiwa wala kupigwa. Mtu tu anahitaji kulia, kama paa linavyohitaji mvua ili lijulikane linavuja wapi. Lakini akilia kwake, Mlezi anamwona.

Mlezi ni ruta ya siku hizi, kile kisanduku cha kugawa intaneti nyumbani. Ni nyeupe, imevimba kama andazi, na Idara ya Hewa ya serikali imeiweka karibu kila nyumba ya hapa Chinyika. Kasi yake ni namba ambayo mimi wa darasa la saba siwezi kuitamka bila kupumzika njiani. Kasi yenyewe si neno. Neno ni kwamba mawimbi yake yanagonga kifua cha mtu na kurudi na habari. Ukivuta pumzi, yanajua. Moyo ukiruka pigo, yanajua. Ukiteleza bafuni, hujamaliza kusema "mama yangu!" zahanati wameshawasha pikipiki. Nasema haki ya Mungu: tangu Walezi waje, hakuna mzee wa Chinyika aliyekutwa asubuhi sakafuni amekuwa baridi. Mlezi si shetani. Ni kama wifi mwema. Anakusaidia kwelikweli, ila mdomo haufungi.

Yusta akilia kwake, simu ya mumewe kule mgodini inaimba: Mkeo ana huzuni, ungependa kumtumia neno? Mwanamume anapiga simu roho mkononi, nani kafa? Hakuna. Sasa unalia nini? Hapo ndipo kilio kilichokuwa hakina sababu kinapopata sababu.

Kwangu hakuna Mlezi. Kwangu kuna ruta.

Niliinunua nikiwa msichana, enzi za vocha za kukwangua, na kwenye boksi lake waliandika 300. Mia tatu hiyo sijawahi kuiona ndani ya nyumba hii. Siku yake njema, ukikaa chini ya kabati ilipo, unapata arobaini. Ukivuka ukuta mmoja, ishirini na kitu. Chumbani kwangu ni tembe alilojenga babu, ukuta wa udongo mnene hivi kwamba risasi ingeomba maji katikati ya safari. Huko zinafika kumi na sita, nazo zinahema.

Nilimuuliza fundi wa Idara, Bi Tulinagwe, zile nyingine zinakwenda wapi. Akacheka.

"Bibi, namba ya boksi ni ya nyumba isiyo na ukuta, isiyo na jirani, isiyo na watu. Halafu nusu inaishia kwenye salamu."

"Salamu?"

"Vyombo navyo vinapiga hodi. Kimoja hakisemi mpaka kisikilize kama mwenzake amenyamaza. Kikisema, kinasubiri kuitikiwa. Kisipoitikiwa, kinarudia."

Nikamwelewa palepale. Kwetu Ugogoni huwezi kuingia kwa mtu ukasema nipe chumvi. Utauliza watoto, utauliza mbuzi, utauliza mvua, utauliza goti la babu. Chumvi inakuja mwisho, na ni kidogo. Ruta yangu ni Mgogo mwenzangu. Ya kisasa ina kasi kwa sababu haina adabu.

Na ruta isiyo na kasi haina macho. Mawimbi yake yanapita kifuani mwa mtu kama mzee anayepita sokoni bila miwani. Ndiyo maana kwangu wanapaita Nyumba Pofu. Yusta anakuja kulia. Mchungaji anakuja kulala mchana, maana kwake wazee wa kanisa wanaletewa taarifa. Mama Foibe, mwenye kisukari, anakuja kunusa chai yangu. Namwachia anuse tu. Kuonja namnyima, mimi si muuaji.

Mara mbwa wangu akanyanyuka, akatoka kwa mlango wa nyuma.

"Luhwago anakuja," nikasema.

Yusta akacheka huku machozi yanamtoka.

Kwa wasiojua: Luhwago ni Mhehe, mimi ni Mgogo, na sisi ni watani tangu mababu walipochoka kupigana. Mtani anakutukana msibani, anakupora kuku mbele ya wageni, na hukasiriki. Ukikasirika, umeshindwa. Sisi tunawaita wala mbwa, wao wanatuita ombaomba. Ana shamba la zabibu nyuma ya kilima, mkewe amezikwa humohumo pembeni. Maneno yake yote ni matusi, na ni mtu mwema.

"Hodi kwa ombaomba!" akasema mlangoni.

"Karibu, mla mbwa. Wangu ameshatoka, amekuachia salamu."

Alishika fremu ya mlango, akasimama, akakaa kiti cha Mchungaji bila kuchagua. Uso wake ulikuwa rangi ya jivu la juzi. Mkono wa kushoto aliulaza mapajani kama kitu alichokiokota.

Yusta alifuta macho akatuangalia. Nikamtuma jikoni akaangalie maharage.

"Limekuja tena?" nikamuuliza kwa sauti ndogo.

"Linapita," akasema. "Ni gesi."

"Gesi ya miezi yote hii? Ungeuza mitungi."

Ndivyo alivyokuwa akifanya. Kifua kikimbana shambani, haendi kwake kwenye Mlezi. Anakuja kwangu, anakaa mpaka moyo ushike mstari, halafu anakwenda nyumbani na moyo uliochanwa nywele, kama mwanafunzi anayejiweka sawa getini.

Sababu yake ilikuwa moja. Anaishi peke yake. Mlezi akiona moyo mbovu kwa mtu wa peke yake, mtu huyo anahamishiwa Nyumba ya Uangalizi mjini, atake asitake, mpaka daktari aseme. Luhwago alikwenda kumtazama kaka yake kule. "Wanamuuliza, *babu, leo tumelalaje?*" aliniambia. "Tumelalaje! Kwani walilala naye? Seche, yule alikuwa dereva wa lori. Sasa anakunywa uji usio na sukari na kusema ahsante."

Msidhani sikujaribu. Nilimwita muuguzi wa zahanati siku moja, nikamweleza yote. Akaja na mkoba wake. Luhwago aliposikia hodi akasimama katikati ya sebule, akaanza kucheza ngoma ya kwao, mabega yanaruka, anaimba. Muuguzi akamuuliza, mzee unaumwa? Akajibu, naumwa mapenzi, wewe umeolewa? Ilivyo sheria, mtu mzima akisema haumwi, haumwi. Neno la jirani halimchukui mtu. Neno la Mlezi linamchukua, kwa sababu Mlezi ni kipimo na mimi ni mdomo. Muuguzi akamwachia dawa ya minyoo.

Alipotoka, Luhwago alianguka kwenye kiti, akachukua muda mrefu kupata pumzi. Kisha akasema, "Seche. Siku nikidondoka hapa kwako, niache. Usimwite mtu. Hapa pananitosha."

"Nitakuacha," nikamwambia. "Ila mguu wako usizibe mlango, nina wageni."

Akacheka mpaka akakohoa. "Umeahidi."

"Nimeahidi."

Sasa niambieni ninyi mliosoma. Ahadi iliyotolewa kwa utani, baina ya watani, ni ahadi au ni utani? Nilichojua ni kwamba yeye hakuwa anatania, na kwamba mimi nilijifanya natania ili nisisikie.

* * *

Siku ya kipimo huwa naanza kudanganya kabla sijanawa uso.

Sheria inasema hivi: aliyevuka miaka sabini anaweza kubaki na ruta yake ya zamani, mradi kila mwaka ifikishe kasi ya kumi na tano kwenye kitanda cha mbali kuliko vyote. Isipofikisha, Mlezi anafungwa siku hiyohiyo. Walezi wenyewe wamo tayari ndani ya gari la fundi.

Na ruta yangu, siku za kawaida, haifikishi hata tano. Tangu niinunue inakaa ndani ya kabati la vyombo, la vioo, pale sebuleni. Vitu vya thamani vinakaa wapi? Sisi ndivyo tulivyolelewa. Redio kabatini, picha ya harusi kabatini, ruta kabatini. Nimeifunika kitambaa nilichofuma mwenyewe kwa mkono, na mbele yake nimesimamisha sinia kubwa la alumini, lile la pilau za misiba, kwa sababu linang'aa na wageni wanalipenda. Kumbe mawimbi yakikuta sinia yanarudi yalikotoka, kama mkwe aliyekuta mlango umefungwa. Nilikuja kuligundua siku ya kipimo cha kwanza: nilikuwa nimeliazimisha sinia msibani, na ruta ikafaulu. Liliporudi, kasi ikafa.

Tangu hapo siku ya kipimo sinia linakwenda jikoni. Sufuria nazo zinatoka. Kitambaa kinatoka. Ruta naipandisha juu kabisa ya kabati, antena zake mbili zimesimama kama masikio ya sungura aliyesikia jina lake. Pipa la maji nalisogeza kutoka ukumbini, maana maji nayo yanakunywa mawimbi. Milango yote wazi. Siku moja kwa mwaka, nyumba yangu inakuwa na akili.

Asubuhi ile nilikuwa nimemaliza yote na kujipaka mafuta, Luhwago akaja. Hakupiga hodi. Mhehe wangu, ambaye hodi yake inaamsha mtaa, aliingia kimya, akapita sebuleni, akanyoosha moja kwa moja mpaka chumbani kwangu.

"Wewe!" nikamfuata. "Mwanamume anaingia chumbani kwa mjane, mchana kweupe, fundi wa serikali yuko njiani! Watasema nini?"

"Watasema mjane ana bahati," akasema, na kulala kitandani na viatu vyake.

Utani ulikuwapo. Sauti haikuwapo. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, kama mtoto aliyekula zambarau.

"Luhwago."

"Linapita."

"Luhwago, leo ni kipimo. Kitanda hicho ndicho kinachopimwa."

"Basi nami nitapimwa." Akafumba macho. "Umeahidi, Seche."

"Hodi hapa!" Bi Tulinagwe akaita nje.

* * *

Bi Tulinagwe ni mama wa makamo kutoka Rungwe, mnene kidogo, mpole, anavua viatu mlangoni hata ukimkataza. Alinisalimu kwa Kigogo chake cha kujifunza, nikamwitikia. Akauliza goti langu. Akauliza mbwa. Nampenda kwa hilo, anajua salamu si kupoteza muda.

Alipima sebuleni kwanza kwa kile kibao chake cha kupimia kasi. "Arobaini na moja. Hongera, bibi. Ruta hii ingekuwa mtu ingekuwa na vitukuu."

"Tunazeeka pamoja."

Tukaenda chumbani. Alipomwona Luhwago kitandani alisimama, akanitazama, akatazama chini kwa adabu.

"Samahani, sikujua kama kuna..."

"Ni samani," nikasema. "Nilirithi."

Luhwago alifungua jicho moja. "Shikamoo yako iko wapi, binti?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Pima."

Akaweka kibao kando ya mto, upande wa ukutani, ambapo ndipo panapotakiwa. Kikafikiri. Kikaandika kumi na tatu.

Bi Tulinagwe akakunja uso, akatazama kutoka mlangoni mpaka kitandani, akaona. "Mzee, utanisamehe. Mwili wa mtu ni maji. Umelala katikati ya ruta na kibao, unakunywa mawimbi ya bibi. Ukisogea tu ukakaa kile kigoda, inafika. Kipimo cha pili ndicho ninachokiandika."

"Nakuja," akasema Luhwago.

Hakuja. Niliuona mkono wake wa kulia ukishika ukingo wa kitanda, vidole vikakaza mpaka vikawa vyeupe, na mwili haukufuata. Akajaribu tena. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Akanikonyeza. Kwa mwanamume asiyeweza kunyanyuka kitandani, kukonyeza ni kazi kubwa, na aliifanya kwa ajili yangu.

"Tumpe nafasi mzee," akasema Bi Tulinagwe. "Nitachukua namba za ruta kwanza." Akarudi sebuleni.

Tukabaki wawili.

"Nishike mkono," akanong'ona. "Nivute mpaka kwenye kigoda. Basi. Inafika kumi na sita, anaondoka."

Ilikuwa kweli. Nina nguvu bado, ningemvuta. Kigoda kilikuwa hatua chache. Ningemkalisha, ningemwegemeza ukutani, kibao kingeandika kumi na sita, Bi Tulinagwe angevaa viatu vyake, na Nyumba Pofu ingekuwa pofu mwaka mwingine. Yusta angelia Alhamisi. Mchungaji angelala. Na Luhwago angekufa pale kwenye kigoda changu, kabla ya mlenda kuiva, kama alivyotaka, bila mtu kumuuliza tumelalaje.

"Umeahidi," akasema.

"Nakwenda kukuletea maji."

Nilipita jikoni. Maji yalikuwapo, na kikombe kilikuwapo. Na sinia lilikuwapo, limeegemea ukuta, linanitazama na uso wangu mwenyewe ndani yake, umevutwa upande kama wa mbuzi. Nilisimama pale. Bila sinia, Bi Tulinagwe kwa upole wake angeweza kukihamisha kibao akaandika kumi na sita. Sitawadanganya kwamba niliomba au nilifikiri mambo makubwa. Niliwaza kwamba nikiliacha pale nitabaki na rafiki wa siku moja na nyumba ya siku zote. Halafu niliwaza lile konyezo. Mtu anayetaka kufa hamkonyezi mtu. Mtu anayekonyeza anangoja ajibiwe.

Nikabeba sinia kwa mikono miwili mpaka sebuleni. Nikaishusha ruta kutoka juu, nikairudisha kabatini, nikaifunika kitambaa chake, nikasimamisha sinia mbele. Bi Tulinagwe alikuwa amechutama na kibao chake, hatua mbili kutoka kwangu. Alitazama kila kitu.

"Bibi," akasema taratibu, "sinia hilo nilipoingia halikuwapo."

"Halikuwapo."

"Na mwaka jana halikuwapo. Na mwaka juzi. Ila vumbi la kabati huwa lina duara, kubwa, la sinia." Akanyanyuka. "Mimi huwa napima nilichokikuta."

Kumbe miaka yote alijua! Mnyakyusa yule, na viatu vyake mlangoni.

"Leo pima nyumba ilivyo," nikamwambia.

Alinitazama. Kisha akatazama mlango wa chumbani, na nadhani hapo ndipo alipoelewa, kwa sababu hakuniuliza lingine. Alikwenda akapima. Kibao kikasema mbili. Alikwenda kwenye gari karibu ya kukimbia.

Mlezi hapendi kuta. Kasi yote ile, ukuta mmoja wa udongo unamshinda, kwa hiyo wanamfunga kila chumba na wake. Wa chumbani alimfunga kwanza. Taa ndogo ya kijani ikawaka, na sauti ya kike, tamu kama ya mhudumu wa benki, ikasema:

"Habari za asubuhi. Naona watu watatu. Mmoja wenu moyo wake unahitaji msaada sasa hivi. Nimeshaita. Tafadhali mfungueni vifungo vya shati."

Nikamfungua mimi. Luhwago alinitazama muda wote. Nilingoja tusi. Nilikuwa nimejiandaa: mwizi, ombaomba, Mgogo uliyeuza mgeni. Hata teke ningelipokea.

"Ahsante, mama," akasema.

Tangu nimjue hajawahi kuniita mama. Nje pikipiki za zahanati zilikuwa zinakuja.

* * *

Walimtengeneza huko mjini. Walimwekea kifaa kidogo kifuani, kinamkumbusha moyo kazi yake. Halafu wakampeleka Nyumba ya Uangalizi. Nilikwenda kumtazama, nimebeba karanga na matusi mapya niliyoyatunga njiani.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu, amechanwa nywele.

"Mla mbwa," nikamwambia, "nimesikia hapa jikoni hawana hata paka. Unaishije?"

"Nashukuru kwa kuja, mama Sechelela," akajibu. "Safari ilikuwa njema? Nyumbani hawajambo?"

Aliniuliza salamu zote, moja baada ya moja, kwa heshima, kama mtu anayezungumza na mke wa mkuu wa wilaya. Sijawahi kupigwa namna ile. Niliacha karanga, nikaenda zangu.

Na nyumbani kwangu viti vikapoa. Mchungaji alipita mara moja, akaona taa ya kijani, akaniombea na kuondoka. Mama Foibe anakunywa chai yake nyumbani bila sukari na bila kunusa. Yusta alikuja Alhamisi, akakaa kiti cha dirishani, akakunja leso vizuri, akaikunjua, akaikunja tena.

"Lia, mwanangu."

"Hapana, bibi. Nimepita tu kukuona."

"Mgeni wako ana huzuni," Mlezi akasema kwa upole. "Ungependa..."

"Ungependa kunyamaza?" nikamwambia. Akanyamaza. Ana adabu, siwezi kumsingizia. Usiku akinisikia nakohoa ananiuliza kama nataka maji ya moto, kana kwamba angeinuka kuyachemsha. Nimeanza kumwitikia. Ndiyo ubaya wa kukaa na mtu.

Zabibu za Luhwago zikaiva. Majirani wakazivuna, mimi nikasimamia, na kila kikapu kilichopita mbele yangu nilikiona kama kinanigeuzia mgongo. Nilifanya nilichofanya. Ungenirudisha asubuhi ile jikoni, ningelibeba sinia lile tena. Lakini mtu akikuokoa ni haki yako kumkasirikia, na mtani akikukasirikia kwa kweli hakuna baraza la kwenda kumshitaki.

Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha. Nilikuwa naosha vyombo uani, mbwa akanyanyuka akatoka kwa mlango wa nyuma.

Nikaacha kuosha.

"Una mgeni mlangoni," Mlezi akasema kutoka sebuleni. "Moyo wake unadunda vizuri, kwa msaada wa kifaa."

"Hodi kwa ombaomba!"

Nikaifuta mikono kwenye kanga. "Karibu, mla mbwa," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtoto.

Alikuwa amekonda, ana fimbo, ana shati jipya la mjini. Hakuniangalia. Alikwenda moja kwa moja kabatini, akafungua kioo, akalitoa sinia langu.

"Nimekuja kuchukua mali," akasema. "Umeniuza bila kuniuliza, Mgogo mwizi wewe. Kwa sheria ya watani nachukua ninachotaka, nawe unacheka. Cheka."

"Hilo la misiba!"

"Msiba wangu uliuharibu. Pilau mtapikia nini? Cheka."

Nikacheka. Nilicheka huku maji yananitoka machoni, na Mlezi, mjinga yule, akauliza kama nina huzuni.

"Wameniruhusu kurudi," Luhwago akasema, sasa ananiangalia. "Kwa sharti nisitoke kwenye macho ya haya maandazi yenu. Usiku, mchana, chooni. Bi Tulinagwe alikuja kuniona. Nikamuuliza, binti, hawa wa kasi kubwa wanashindwa na nini? Akaniambia, mzee, mimi sijasema kitu, lakini wa zamani walau walijaribu kupenya. Hawa wa kisasa hata sinia linawashinda."

Alichukua kile kitambaa changu cha kufuma, akakifunga na mshipi wake, akalining'iniza sinia shingoni. Likamkaa kifuani kama ngao za babu zake walipokuja kuiba ng'ombe wetu.

"Nakwenda shambani kukaa na mke wangu kidogo," akasema. "Saa moja tu, kabla hawajaanza kunitafuta. Sitaki mtu ahesabu mapigo yangu nikiwa naongea naye. Kesho nalileta. Nimemkuta Yusta njiani, anasema zamu inayofuata ni yake, ya kulia."

"Lioshwe kwanza. Litanuka Mhehe."

"Litanuka mtu aliye hai, mshenzi wewe. Na hilo ni kosa lako."

Akatoka. Nilisimama mlangoni nikamtazama akishuka mtaa na fimbo yake, jua limeligonga sinia, linang'aa kila nyumba anayopita, na nyumba moja baada ya nyingine nikazisikia zile sauti tamu zikiulizana ndani.

Ya kwangu nayo ikaniuliza. "Samahani, bibi. Mgeni wako ameondoka anatembea, lakini ndani yake sisikii moyo. Niite zahanati?"

"Acha, mwanangu," nikamwambia. "Huyo ni Mhehe. Ndivyo walivyoumbwa."